Wembe wa Saa Saba Mchana

Apa kwanza kwamba hili litaishia kwako. Umeapa? Vizuri. Mimi nami niliapishwa hivyo hivyo, na aliyeniapisha naye alikuwa ameapa, kwa hiyo sogea karibu.

Kilianza kitu kidogo. Mafundi wa chumba cha ushonaji walirudi kutoka kula mchana, wakakuta upindo wa pazia umefumuliwa. Uzi haukukatwa ovyo. Ulichomolewa taratibu, ukaviringwa, ukawekwa pembeni. Kesho yake ikawa kola, kisha mkono wa koti.

"Jini hilo," akasema mkata vitambaa, ambaye hata panya akipita husema jini. Wakamcheka.

Lilipofumuliwa gauni la harusi, hakuna aliyecheka. Lilikuwa likishonwa na mdogo wake Bi Rula, yule fundi mkuu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu rula haimtoki kwapani. Ubavu ulishonwa Jumatatu, ukafumuliwa. Jumanne vilevile. Jumatano binti akatupa mkasi chini.

"Nimechoka, dada! Mimi nashona kwa mikono miwili, lenyewe linafumua kwa mingapi?"

"Mimi jini silijui, najua uzembe," mama mwenye duka akafoka. "Bibi harusi anakuja kesho. Likifumuka tena, binti, utafute cherehani kwingine."

Bi Rula ndiye aliyeonekana kuumia zaidi. Chakula hakimpiti kooni, kikombe kinagongana na kisahani, chooni haishi kwenda, na viganja vinamtoka jasho mpaka avipake poda asichafue kitambaa cheupe. Akipanda ngazi tatu tu anahema kama aliyekimbizwa. Yote hayo yalikaa wazi kama nguo kwenye kamba, na wajuaji wale wakakubaliana kwamba jini limempenda, maskini, kwa kuwa ndiye mwangalifu kuliko wote. Wakampa ufunguo alilinde gauni. Usicheke, hata wewe ungempa.

Mdogo wake peke yake alimvuta pembeni. "Dada, nenda ukapimwe. Wiki ya sita hii hulali, moyo unakwenda mbio. Pale zahanati yupo muuguzi anayesikiliza watu wenye hofu."

"Kwani mimi nina wazimu?"

"Nimesema hofu, dada. Wazimu umeutaja wewe."

"Nitakwenda gauni likiisha. Usinichoshe."

Kesho yake mama mwenye duka, yeye asiyelijua jini, akaja na mganga mwenye miwani na chetezo kinachofuka. Mganga akaamuru chumba kiachwe kitupu kama kila mchana, wote wajibanze barazani chini ya dirisha. Bibi harusi naye akawahi kufika na mama yake, wakachuchumaa nao.

"Bi Rula yuko wapi?" mkata vitambaa akanong'ona.

"Chooni. Si kawaida yake?"

Wakatega masikio. Harufu ya mafuta ya cherehani ikapenya dirishani, ikifuatwa na harufu ya jasho lililochanganyika na poda, kisha wakasikia tik, kimya, tik, kimya, kama ukucha unaotafuta mahali pa kuingilia, na kadiri walivyobana pumzi ndivyo ile tik ilivyozidi kwenda mbio, na chini yake pumzi ya mtu au ya kisicho mtu, fupi fupi, yenye haraka, inayonung'unika maneno yale yale bila kuchoka, mpaka mama mwenye duka akashindwa kuvumilia, akachomeka ufunguo wake wa akiba na kuusukuma mlango.

Bi Rula alikuwa amepiga magoti, gauni mapajani, wembe vidoleni, nyuzi nyeupe zikining'inia midomoni.

"Dada!"

"Linaniambia umepinda," Bi Rula akasema, machozi yakimtiririka. "Ubavu umepinda, mdogo wangu, watakufukuza. Niunyooshe kidogo tu. Kila nikinyoosha linasema bado."

"Nani anasema?" mganga akauliza.

Akajigusa kifuani.

Mganga akakifunika chetezo. "Mimi hufukuza yanayoingia kwa mlango. Huyu mpelekeni kwa muuguzi, na iwe leo. Gauni litasubiri."

Mdogo wake akapiga magoti, akamtoa wembe mkononi polepole, akamwambia, "Twende wote, dada. Sikuachi."

Bi Rula akatikisa kichwa kukubali. Na huku akikubali, mbele ya macho ya wote, kidole chake kitupu kikaingia kwenye mshono, kikavuta.

Tik.