Friza Iliyoandikwa Mbovu

Rafu zote nne zilikuwa tupu. Vichupa mia mbili na kumi na viwili vya damu iliyogandishwa, vilivyotakiwa kupanda ndege Ijumaa kwenda maabara ya ng'ambo, vilikuwa vimetoweka mwisho wa wiki, na mwizi alikuwa amefunga mlango wa friza kwa ustaarabu kabisa.

"Kufuli halijavunjwa," Inspekta alisema.

"Basi ni mtu wa ndani," akajibu mtafiti mkuu wa taasisi, aliyekuwa akitazama saa kila dakika. "Mkamateni upesi. Ndege hainisubiri mimi."

Inspekta hakupenda kuharakishwa. Aliagiza wafanyakazi wote tisa wachukuliwe alama za vidole, mtafiti mkuu akiwemo, ili zisichanganywe na za mwizi. Kisha akaanza kulizunguka jengo taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Stoo, nyuma ya vitanda vilivyovunjika miguu, palikuwa na friza kuukuu. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema MBOVU. Lakini friza ilikuwa ikinguruma. Aliifungua, baridi ikamkata uso, na vichupa vyote vilikuwemo, vimepangwa kwa namba.

Ubavuni mwake palining'inia karatasi ya pili, iliyopigwa mistari kwa rula. Jumamosi jioni, nyuzi hasi themanini. Jumapili asubuhi, hasi themanini. Jumapili jioni, hasi sabini na tisa. Leo asubuhi, hasi themanini. Kila mstari ulikuwa na saini.

Inspekta alicheka peke yake. Miaka ishirini ya upelelezi, hajapata kumwona mwizi anayeweka saini.

Saini ilikuwa ya muuguzi wa utafiti, mama wa makamo ambaye taasisi nzima ilimwita Sista. Hakujisumbua kukana.

"Umeiba, halafu ukasaini?"

"Nimeipima joto damu hiyo asubuhi na jioni miaka mitano, Afande. Mkono ulienda wenyewe."

"Ulitaka kuipeleka wapi?"

"Popote pale. Nilitaka isiondoke."

Alieleza bila papara. Damu hiyo aliwatoa watu yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya utafiti wa vinasaba vya magonjwa ya figo. Naye alimwahidi kila mtoaji kwamba ikihitajika kwa kazi nyingine, watarudi kumwuliza. Wala haukuwa wema wake tu. Ndivyo unavyoagiza mwongozo wa kimataifa wa utafiti wa vinasaba, ambao taasisi iliukubali kwa maandishi. Sasa maabara ya ng'ambo iliitaka kwa utafiti mwingine kabisa, na hakuna aliyeulizwa. Sista aliiandikia kamati ya maadili. Kamati ingekaa wiki ijayo. Ndege ilikuwa Ijumaa.

"Lakini fomu mpya za ridhaa zipo," Inspekta alisema, akilivuta faili alilopewa na mtafiti mkuu. "Zote zimewekwa dole gumba."

Alizipekua huku akisema. Kwenye namba mia moja arobaini na saba mkono wake ukasimama. Lilikuwa jina la mama yake. Chini ya jina palikuwa na dole gumba, na tarehe ya wiki iliyopita.

Mama yake alikufa mwaka juzi, kwa figo hizo hizo. Tena alikuwa mwalimu. Hata kikaratasi cha kumwagizia mtu sukari alikitia saini.

"Mwalimu," Sista alisema kwa upole, alipoona jina. "Ile fomu ya kwanza aliisoma kurasa zote sita. Akanisahihisha makosa mawili."

Mchana mtaalamu wa alama za vidole alileta jibu. Madole mia mbili na kumi na mawili yalikuwa dole moja, nalo lilikuwa miongoni mwa yale ya wafanyakazi tisa.

"Dole ni lako," Inspekta alimwambia mtafiti mkuu.

Yule bwana aliacha kutazama saa.

"Wangekubali tu, Inspekta. Ni watu wema. Niliwapunguzia usumbufu."

"Marehemu mama yangu ulimpunguzia usumbufu gani?"

Hapo akalainika, akakiri yote. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, hana ugunduzi wenye jina lake, na watafiti wengine walikuwa wanakaribia kumtangulia. Kuwarudia watu wote wale kungechukua miezi. Alishinda siku nzima na kidau cha wino, akabonyeza.

Alishtakiwa kwa kughushi. Sista naye alipewa barua ya onyo kwa kuhamisha sampuli bila kibali, akasema amestahili. Kamati ilizuia damu isisafiri mpaka kila mwenye nayo aulizwe upya, na kwa marehemu waulizwe watoto wao.

Miezi miwili baadaye Inspekta aliitwa, bila sare, kama mtoto wa mtu. Sista alimweleza kila kitu kwa maneno mepesi, na kwamba akikataa hakuna atakayemnunia. Inspekta alisoma kurasa zote sita za fomu. Alikuwa anamshukuru mwanamke huyu kuliko alivyojua kusema, kwa kuhatarisha kazi yake kwa ajili ya kichupa cha mtu aliyekwisha kuzikwa.

"Mama angekubali," alisema.

"Najua. Lakini ilibidi tuulize."

Akatia saini polepole, herufi zimekaa juu ya mstari kama alivyofundishwa nyumbani, akamrudishia kalamu.

"Asante kwa kuuliza, Sista."