Bakuli Lililooshwa

Fundi Saa alianguka katikati ya chakula cha mchana, mbele ya ukuta ulioandikwa kwa rangi ya kijani: HAPA HATUTUMII CHUMVI, SUKARI WALA MAFUTA YA KUKAANGIA. Alifikishwa hospitali akiwa bado anapumua. Hakutoka.

Inspekta alipoingia mkahawani, wateja walikuwa wameshatawanyika kwa hofu. Viti vimesukumwa ovyo, na kila meza ina bakuli la supu lililoachwa nusu. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye shinikizo la damu na mke asiyecheka na shinikizo la damu. Tangu daktari amkataze chumvi, mkewe alikuwa ameificha hata ile ya kuoshea samaki.

Alisimama kwenye meza ya marehemu. Glasi ya maji. Miwani. Kitambaa cha kujifutia. Kijiko chenye ukoko wa dengu.

"Koplo," aliita. "Huyu mzee alikuwa anakula nini, kijiko?"

Koplo, mwanamke mkakamavu mwenye macho ya mwewe, alisogea. "Supu ya dengu, afande. Mhudumu ameshaliosha bakuli."

"Ameosha mangapi?"

Koplo alizungusha macho ukumbini. "Hilo moja tu."

Mhudumu alikuwa binti wa mwenye mkahawa, msichana mwembamba, aproni imemkaa vizuri. Alikuwa akijibu huku anatazama sakafu.

"Kwa nini uliliosha?"

"Mazoea tu, afande."

"Mtu anakata roho, wewe unaosha vyombo?"

"Nilichanganyikiwa."

"Na haya mengine hukuyaona?"

Msichana aliviringisha ncha ya aproni. Inspekta hakumsukuma. Aliagiza mabakuli yote na sufuria vitolewe sampuli, vifungwe, vipelekwe kwa mkemia. Kisha akasukuma pazia, akapita ujia mfupi wenye rafu ya kuwekea sinia, akaingia jikoni, Koplo akimfuata.

Mama mwenye mkahawa alikuwa amesimama kando ya jiko, upawa mkononi kama askari na bunduki yake. Alikuwa analia, ila hakuacha kukoroga.

"Nilimshika kichwa mimi mwenyewe," alisema. "Yule mzee alikuwa mteja wangu wa kila siku. Mwanangu, najua unachokifikiria. Unadhani nimemtilia sumu."

"Mimi nauliza tu, mama."

"Mume wangu alikufa kwa kiharusi. Alipenda chumvi kuliko alivyonipenda mimi. Siku tuliyomzika niliapa haitaingia tena jikoni kwangu. Sasa mimi nimuue mtu?" Alichota supu, akainywa yote mbele yao, akachota tena kwa kijiko kisafi. "Haya, onja na wewe."

Koplo alikohoa kwa nguvu. Inspekta alimpa mgongo, akaonja.

Aliijua ile ladha. Ilikuwa kama ya nyumbani kwake: moto, nzito, safi, na kimya kabisa mdomoni.

"Ikoje?" mama aliuliza, macho yameng'aa katikati ya machozi.

"Ni ya afya, mama," alijibu Inspekta.

Mtoto wa marehemu, dereva wa lori, walimkuta hospitali amekaa sakafuni. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka baba yake mkahawani kila mchana na kumpa vidonge vyake mezani. Koplo alikuwa ameshamtilia shaka.

"Leo ulimpa dawa gani?" Inspekta aliuliza.

"Zile zile za siku zote. Chukueni, mkapime." Alitoa mfuko wa vidonge, akautupa chini. "Baba alikuwa na figo mbovu. Kila kitu alikatazwa. Ndiyo maana nikampeleka kwa yule mama! Nilijua pale yuko salama."

"Chakula alikipenda?"

Dereva alicheka bila kutaka. "Mwanzoni alinung'unika. Akasema ni bora atafune gazeti. Halafu ghafla akakipenda, akawa anaomba bakuli la pili. Alikuwa ananiambia, 'Sijui yule mama anafanyaje. Hatii chumvi, lakini utadhani ametia.'"

Inspekta aliyekuwa ameshaanza kuondoka aligeuka. "Rudia hapo mwisho."

Dereva alirudia. Inspekta alijilamba midomo, akiitafuta ladha aliyoonja jikoni. Hakuna aliyeweza kuisifu supu ile hivyo. Hata mume mwenye adabu.

Daktari hakuzunguka. Damu ya mzee, iliyochukuliwa kabla hajafa, ilikuwa na potasiamu nyingi mno.

"Figo nzima huitoa kwenye mkojo," alieleza. "Zake hazikuweza. Ikazidi mwilini hadi moyo ukasimama."

"Kwenye chakula inaingiaje?"

"Mboga na matunda vinayo. Lakini kiasi hiki? Ningeulizia chumvi mbadala. Inauzwa kwa watu waliokatazwa chumvi ya kawaida. Mdomoni inakolea vilevile, ila imetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo ni sumu."

Majibu ya mkemia yalipofika, Koplo aliyasoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Vidonge vilikuwa sawasawa. Sufuria haikuwa na chumvi ya aina yoyote. Mabakuli yote ya mezani yalikuwa na ile mbadala.

Waliwakuta mama na binti ukumbini, mlango umefungwa, wanachambua dengu ambazo hakuna aliyeziagiza. Inspekta alivuta kiti.

"Binti," alisema kwa upole, "supu ikiwa kwenye sufuria haina kitu. Ikifika mezani ina chumvi mbadala. Inapita kwenye ujia ule, nyuma ya pazia, na anayeibeba ni mtu mmoja."

"Chumvi?" Mama alisimama. "Kwangu? Inspekta, binti yangu hawezi..."

"Mama, kaa," alisema msichana. "Niache niseme."

Mama alikaa.

"Mama aliugua homa kubwa, na tangu hapo ulimi wake hauonji ladha. Hakuniambia. Ila siku moja nilimwona anakunywa maziwa yaliyochacha, akamaliza kikombe, akasema leo yameiva vizuri." Alimeza mate. "Mabakuli yakawa yanarudi yamejaa. Nilikuwa namwaga kabla hajaona, namwambia wameridhika. Watu wanacheka, wanasema hata hospitali kuna chakula kitamu kuliko hapa. Halafu nikaiona ile chumvi dukani. Pakiti ina picha ya moyo. Nikajisemea, hii si chumvi, kiapo cha mama hakijavunjika."

"Ukawa unanyunyizia kwenye ujia."

"Ndiyo. Watu wakarudi. Wakaleta wenzao. Wakawa wanamwita mama atoke jikoni wamshukuru. Alikuwa anatoka anajifuta mikono, anacheka. Tangu baba afe sikuwahi kumwona akicheka vile."

"Fundi Saa alikuambia kuhusu figo zake?"

"Siku ya kwanza tu. Ile pakiti sikuwahi kuisoma nyuma. Alipoanguka, maneno yake yakanijia kichwani. Nikakimbilia kwenye ujia, nikaigeuza. Imeandikwa pale, kwa herufi ndogo."

"Ungewaambia waliombeba. Daktari angejua aanzie wapi."

"Najua."

"Badala yake ukaosha bakuli."

"Mama alikuwa amesimama pale pale, amemshika kichwa." Sasa machozi yalimtoka. "Ningesema, angesikia yote. Chakula, ulimi, sifa za uongo. Nikaona kwanza nifiche, nitafikiria baadaye. Baadaye hakukuwa na mtu wa kuokoa."

Koplo alikuwa ameshatoa pingu. Inspekta alimtikisia kichwa, naye akazirudisha.

Mama hakupiga kelele. Alichukua punje chache za dengu mbichi, akaziviringisha kiganjani.

"Nilijua ulimi umekufa," alisema hatimaye. "Nikadhani mikono inakumbuka." Aliinua uso. "Inspekta, juzi ulionja. Usinionee haya. Ilikuwaje?"

Inspekta alimtazama Koplo, akaitazama miguu ya meza, mwisho akamtazama mama machoni.

"Haikuwa na ladha, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa ambao amekuwa akiishi nao. Kisha alimgeukia binti yake, akamfungua aproni kwa mikono miwili, polepole, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningetia ndimu. Ningeongeza kitunguu saumu, tangawizi, majani ya giligilani. Chakula bila chumvi kinapikika, mimi nakijua. Nilikuwa nahitaji mtu mmoja tu wa kunionjea, aniambie kweli."