Kamba Mbili za Nyuma

Asubuhi zangu za Makunduchi zilikuwa hivi: nasali, nasoma Kurani chuoni mpaka jua lipande, narudi kunywa chai na muhogo, kisha nakimbilia skuli. Nikitoka skuli sikwenda kucheza. Nilikwenda kwenye banda la baba yangu, fundi Pandu, kumshikia mbao wakati anapokata. Baba hakujaaliwa mtoto wa kiume, na wala hakulalamika. Akiulizwa na watu, alisema anaye Shemsa, basi. Shemsa ndiye mimi, na mwaka huo wa 1970 nilikuwa na miaka kumi na miwili na domo la kujisifu.

Sifa zangu kubwa zilikuwa juu ya tela letu. Baba alilipata Mjini, bovu, nyuma ya gereji moja ya Darajani, likiwa halina ubao hata mmoja. Kazi yake ya asili ilikuwa kubeba magunia ya nazi. Baba akaliongezea mkono wa mbele wa kuvutia, akalitengenezea mlango wa nyuma unaotoka mzima, kisha akakata vibao viwili vizito vyenye umbo la tumbo la mtumbwi. Vibao hivyo alivivisha magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi, ili chombo kikilazwa juu yake kisichubuke. Ukitaka kubeba mtumbwi unavitia, ukitaka kubeba muhogo au mawe ya chokaa unavitoa. Bwana Mabrouk, dereva aliyekuja kununua muhogo kwetu, alilivuta tela kwa Landrova yake. Hata mama mmoja aliyeshikwa na uchungu tuliwahi kumlaza humo tukamfikisha hospitali, akajifungua salama.

Kufunga mtumbwi kulikuwa na masharti yake. Tulitumia kamba za usumba, zile wanazosokota mama zetu kwa makumbi yaliyofukiwa pwani. Kamba hiyo ukiifunga ikiwa imerowa hukaza barabara, lakini jua likiikausha hulegea. Kwa hiyo baba aliweka sharti kwamba safari ikiwa ndefu lazima tusimame njiani, kamba zote nne ziloweshwe upya. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na hakuna aliyenisaidia.

Jirani yetu Mzee Mcha, rafiki wa baba tangu utoto, alikuwa akichonga mtumbwi upande wa Tunguu, kwenye gogo la mwembe alilopewa na mjomba wake. Alichonga kwa tezo lake mwenyewe, mwaka mzima, akienda na kurudi. Ulikuwa umebaki kusuguliwa tu alipopatwa na homa. Siku ya sita akafariki. Mkewe, Bi Wanu, akaingia eda, miezi minne na siku kumi hatoki nje. Mtumbwi ulibaki Tunguu na yeye hajapata kuuona hata mara moja. Baba akamtumia salamu kwamba ataumalizia yeye, na siku atakayotoka eda ataukuta uko mlangoni. Mwana wa Bi Wanu, Shaame, aliyekwisha kuwa kijana wa kujitegemea, ndiye angeuingiza baharini ili nyumba ipate kitoweo.

Siku ikafika. Tuliupakia mtumbwi huko Tunguu asubuhi, tukaufunga kwa kamba zilizolowa maji, tukashika njia ya kurudi Makunduchi. Jua lilikuwa kali mno. Tulipofika Kitogani, rejeta ya Landrova ilikuwa inachemka. Baba na Bwana Mabrouk wakashughulika nayo, mimi nikapewa ndoo niende kisimani. Nilikuta wanawake wamejipanga. Nikasubiri, nikateka, nikalowesha kamba mbili za mbele. Nikarudi kuteka ndoo ya pili.

Hapo ndipo nikamwona Tabia, binti wa ami yangu, ambaye dada yake aliolewa juzi. Alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko. Akaniita nikaone. Nikaona, akanigeuzia mikono, nikahadithiwa harusi nzima, nani alicheza na nani alinuna. Nilipomsikia baba ananiita nikaitika naam, nikakimbia na ndoo tupu. Baba alikuwa amekwishashika mlango wa Landrova.

"Kamba ushalowesha, Shemsa?"

"Nshalowesha."

Sikufikiri kabisa. Neno lilitoka lenyewe, na baba akaingia garini.

Karibu na Muyuni njia ilikuwa ya mawe matupu. Nilikuwa nimekaa mbele, katikati yao, nikasikia kishindo. Kamba za nyuma zilikuwa zimelegea, mtumbwi ukateleza ukatokeza nje ya tela, nyuma yake ikapiga jiwe. Ulikuwa umepasuka kutoka tezi, huko nyuma, mpaka karibu na katikati. Baba alishuka akausogelea. Akainama akaokota kamba ya nyuma, akaibinya kwa vidole. Ilikuwa kavu.

Akanitazama. "Hizi za nyuma nazo ulizilowesha?"

Nilijua wazi kuwa hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Zote, Baba."

Aliitazama tena ile kamba iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akaitupa ndani ya tela, akamwambia Bwana Mabrouk, "Basi ni kibao changu. Nilikikata vibaya." Aliamini neno langu akaacha kuamini vidole vyake.

Bi Wanu alikuwa ametoka eda asubuhi ile. Alikuwa amekoga, amefukiza udi, amekaa kibarazani na wanawake wenzake wakimpa mkono. Tela liliposimama aliinuka, akalizunguka, akapitisha kiganja kwenye alama za tezo la mumewe mpaka akafika penye ufa. Mkono wake ukakoma hapo. Alikaa chini mchangani na nguo zake safi, akalia kwa sauti ndogo, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Baba akamsogelea. "Shemeji, kosa ni langu."

"Ulinambia tela lako halichubui hata rangi, Pandu," alisema Bi Wanu. "Nikakuamini, kwa sababu Mcha alikuwa akikuamini."

Tangu siku hiyo hakumpa baba salamu. Baba alipita mlangoni kwake akatoa salamu kama kawaida, naye akageuka upande. Zikapita siku tatu, zikapita tano. Barazani watu walianza kusema tela la fundi Pandu ni jeneza la vyombo. Mzee Mmanga, aliyekuwa apelekewe ngalawa yake Mjini, akatuma mtu kusema ameghairi. Baba alirudi nyumbani mapema, akala kidogo, akalala. Mama alimuuliza ana nini, akajibu hana kitu. Mimi nilijikausha. Usiku nilijiambia kesho nitasema, asubuhi ikifika nikaona aibu, nikakimbilia chuoni.

Siku ya tisa nilirudi kutoka skuli nikavikuta vile vibao viwili vimetupwa uani, karibu na jiko. Baba alikuwa amevifungua. Mama akanipa shoka, akaniambia nipasue kuni, kwa kuwa baba amesema havina kazi tena. Niliinua shoka. Niliona mahali baba alipopiga randa siku mbili nzima mimi nikimshikia. Nikaliweka chini, nikaketi juu ya kibao nikalia mpaka mama akaogopa, akamwita baba.

"Sikuzilowesha za nyuma," nilisema. "Nilikuwa namtazama Tabia hina. Vibao vyako havina kosa, Baba. Kosa ni langu, nami nimekudanganya mara mbili."

Nilingoja kofi. Baba hakunipiga. Aliketi kwenye kibao cha pili, tukawa tumetazamana, na macho yake yakajaa maji. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, hata siku ya kumzika Mzee Mcha. Akajifuta, akaniambia nivae buibui, twende.

Alinisindikiza mpaka kizingitini kwa Bi Wanu, akabaki nje. Niliingia, nikasema shikamoo. "Marahaba," aliitika, bila kuinua uso kutoka kwenye ukili wa mkeka aliokuwa akisuka. Nikamweleza yote, tangu ndoo ya kwanza mpaka shoka. Vidole vyake vilisimama.

"Mtumbwi umenivunja moyo, sikufichi," alisema. "Ndiyo kazi yake ya mwisho, na mwingine wa mkono ule siupati. Lakini ungeniambia siku ile ile, ningelia na wewe yakaisha. Wewe umeniacha nimnyime salamu mtu asiye na kosa. Tumefundishwa Muislamu hamnunii mwenzake kupita siku tatu, na mimi nimemnunia siku tisa rafiki wa mume wangu. Hizo siku nitazirudisha vipi, Shemsa?"

Akajitanda kanga, akatoka mpaka kizingitini, akampa baba salamu na kumwomba radhi. Baba aliitikia, akampa radhi.

Mtumbwi haukurudi kuwa ule. Baba aliikata sehemu yote iliyopasuka, akaifunga nyuma kwa ubao, akakalafati viungio visivuje, kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa. Ulitoka mfupi, wa kuvulia ndani ya mwamba tu, penye maji madogo, lakini Shaame alileta samaki. Baba mwenyewe aliwaambia watu barazani kosa lilikuwa wapi, nami nikiwa nimesimama pembeni yake, uso chini. Mzee Mmanga akaileta ngalawa yake.

Jioni moja tulipokuwa tunavirudisha vibao kwenye tela, nilimuuliza baba kwa nini siku ile aliamini mdomo wangu na hali kamba kavu ilikuwa mkononi mwake. Aliendelea kukaza parafujo, nikadhani hatanijibu.

"Kusahau kamba ni jambo la binadamu, mwanangu," alisema. "Hata mimi nimewahi kusahau. Lakini nilipokuuliza pale Muyuni, mtumbwi ulikuwa umeshavunjika. Kitu kizima nilichobaki nacho njiani kilikuwa neno lako, nikaliegemea hilo. Siku nyingine ukiharibu, uniambie umeharibu. Kilichovunjika nitajua cha kukifanya, lakini usiniache niegemee pasipo na kitu."