Chujio la Utani

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja wa Kahama alisimama mbele ya rafu ya duka, akamnong'oneza mwenzake kwamba pakiti za unga wa Kinda hazifunguki mpaka utumie meno. Hakumwambia mwenye duka, wala hakumwandikia mtu barua. Lakini kabla hajafika nyumbani kwake, kisu cha mtambo wa kufungashia kiwandani Tabora kilikuwa kimesogea nusu milimita, na pakiti zilizofuata zilichanika kwa kidole.

Aliyesikia alikuwa Msikizi. Hakuwa mtu, alikuwa akili mnemba ya Kampuni ya Kinda, watengenezaji wa unga wa uji wa watoto. Katika kila duka lililouza unga huo palibandikwa kidude cha kijani kisichozidi punje ya hindi, na watu wakakiita sikio. Nchi nzima masikio yalikuwa elfu arobaini. Hayakujificha. Juu ya kila moja paliandikwa "Sema, Kinda inakusikia," na sheria ilitaka jina la msemaji lifutwe kabla sauti haijatoka dukani. Watu walilizoea sikio kama walivyoizoea mizani, na wenye maneno yao walisogea karibu wakayasema waziwazi.

Wakubwa wa Kinda hawakuuliza tena watu. Walimuuliza Msikizi: ladha ibadilishwe? Ghala lijengwe wapi? Hata maabara walimwachia yeye. Zamani kila shehena ilipimwa. Sasa ilipimwa ile tu iliyolalamikiwa, maana, walisema, ya nini kupima kitu ambacho hakuna anayekilalamikia? Hoja ilikuwa safi kabisa, na hakuna aliyeipinga.

Mhandisi wa Msikizi alikuwa Kalunde Mihayo, Mnyamwezi wa Urambo, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye mazoea ya kucheka peke yake kazini. Miaka miwili nyuma aliiokoa kampuni. Ilikuwa hivi: Wazaramo wa Pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, Wanyamwezi walipobeba mizigo hadi mwambao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, hata kumuigiza marehemu wako msibani, nawe huruhusiwi kununa. Msikizi hakuyajua hayo. Alisikia watu madukani wakisema, "Wanyamwezi hawa wanatusagia vumbi la miguu yao," akahesabu chuki, akashauri maghala yote ya Pwani yafungwe. Wakurugenzi walikuwa wameshashika kalamu.

Kalunde alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajifungia miezi mitatu akatengeneza chujio. Palipo na jina la kabila, pana tusi, na sauti haina hasira, Msikizi ajue huo ni utani, autupe. Maghala yakapona, Kalunde akapandishwa cheo, na picha yake ikatundikwa ukumbini.

Asubuhi hii ya leo, ghala la saba, lile lililopeleka unga Pwani mwezi uliopita, lilikuwa limefunguliwa tena. Nje, wachukuzi, zile roboti zenye mikono minne, zilipakia tani mia sita za unga kwenye treni ya sumaku ya kwenda Pwani. Treni ingeondoka saa sita kamili. Kilichobaki ni saini ya Mkurugenzi Mkuu, naye alingoja taarifa ya Kalunde.

Taarifa ilikuwa njema. Pwani wameridhika, asilimia tisini na saba. Kalunde alikuwa anaifunga alipoona, chini kabisa, ule mstari ambao hakuna anayeusoma: sauti zilizochujwa. Duka moja la Mzenga, ambalo kwa wiki lilikuwa na utani mara nne au tano, wiki hii lilikuwa nao mara sitini na moja.

"Mzenga wana harusi?" alimuuliza Msikizi.

"Sijasikia harusi," Msikizi alijibu kwa sauti yake ya upole. "Nimesikia misiba minne."

Jibu lilikaa sawa. Utani hukolea msibani. Kalunde akafungua sauti moja, si kwa wasiwasi, bali kwa tamaa ya kucheka kidogo kabla ya kikao.

"Enyi Wanyamwezi!" ilikuwa sauti ya mzee, ya taratibu, kama ya mtu aliyechoka. "Uji wenu mchungu kama shubiri. Mmetusagia ukungu nini? Watoto wetu macho yamekuwa ya njano. Au mnataka mtumalize, mrithi minazi?"

Kalunde alitabasamu. Minazi tena, ule utani wa miaka yote! Sauti ikaendelea.

"Leo nimemzika mjukuu wangu. Jeneza halikuhitajika, nimembeba mikononi. Njooni basi, watani, mmalizie kazi."

Tabasamu lilimkauka. Aliirudia sauti ile, akasikiliza kimya kilichoifuata. Hakuna aliyecheka dukani. Mtani huweza kumuigiza mzee aliyekufa, akavaa koti lake na kukohoa kikohozi chake, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Lakini penye maiti ya mtoto mchanga mtani hufunga mdomo, akakaa mkekani kama wengine. Kalunde alilijua hilo tangu utotoni, kama anavyojua kula kwa mkono wa kulia. Hakulitia kwenye chujio kwa sababu haikumjia akilini kwamba ni jambo la kufundishwa mtu.

Akatoka mbio hadi ukumbi wa maamuzi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Mkurugenzi Mkuu, Bwana Maganga Kasubi, hakuwa mtu mbaya, na tusimsingizie. Alikuwa mtu aliyezoea kujibiwa haraka.

"Mkurugenzi, usitie saini."

"Mhandisi, mzigo uko relini."

"Naona ghala la saba lina sumukuvu."

Neno hilo halitamkwi ovyo mbele ya watu wa nafaka. Sumukuvu huzaliwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizoingia maji. Haionekani, moto wa jikoni hauiondoi, na ini la mtoto haliwezi kupambana nayo. Bwana Kasubi aliweka kikombe chake mezani polepole.

"Nani kasema?"

"Mzee mmoja wa Mzenga."

"Msikizi, unasemaje?"

"Sauti hiyo ni utani," alisema Msikizi kutoka darini. "Uhakika asilimia tisini na tisa."

"Nani aliyekufundisha utani?"

"Mhandisi Kalunde Mihayo."

Bwana Kasubi alimgeukia Kalunde. "Miaka miwili nyuma ulisimama hapo hapo ukatuambia hatujui kucheka. Nikakuamini. Leo nimwamini yupi, wewe wa juzi au wewe wa leo?"

"Pima tu, mzee. Ni kazi ya saa moja."

"Na treni ikikosa njia, zamu nyingine ya mizigo ni baada ya siku nne. Maduka ya Pwani hayana akiba ya kutosha. Watoto watakula nini siku nne?"

"Wanakula nini sasa?"

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Mkurugenzi. Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika thelathini na moja.

"Nipe mtu," alisema mwishowe. "Siyo sauti. Mtu mwenye jina."

Majina yalifutwa, lakini namba ya sikio ilijulikana, na duka lilikuwa na simu. Sikio lenyewe lisingefaa kitu. Lilitengenezwa bila mdomo. Kalunde alipiga, akaiweka simu katikati ya meza ili Mkurugenzi asikie.

"Duka la Chaurembo."

Ilikuwa sauti ile ile.

"Shikamoo, babu. Mimi naitwa Kalunde. Napiga kutoka Kinda, Tabora."

"Marahaba. Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, babu."

"Ahaa. Kumbe mna midomo. Wiki tatu naliambia hilo dude lenu hapa rafuni."

"Babu, nisamehe kukuuliza. Mbona hukusema tu kwamba unga ni mbaya? Mbona uliutia utani?"

"Ndiyo nini sasa hiyo?" Mzee Chaurembo alishangaa kwa dhati. "Nimwendee mtani wangu kwa uso mkavu, kama polisi? Neno zito kwa mtani unalipaka utani, asije akaaibika mbele za watu. Mwenye akili atacheka, kisha atanyanyuka akaangalie ghala lake. Hata wenzangu walitaka kuja juu, wapige kelele. Nikawaambia hapana, semeni kwa utani, hao ni watani zetu, wataelewa."

Kalunde aliziba mdomo kwa kiganja. Sitini na moja. Wote walikuwa wamesema kwa adabu yao, na adabu hiyo ndiyo aliyoitengenezea tundu la kutupia.

"Na mjukuu wako, babu? Aliitwa nani?"

"Mwamvita." Mzee alipumua. "Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama."

Bwana Kasubi aliiacha kalamu, ikabingirika hadi ukingoni mwa meza ikaanguka. Hakuna aliyeinama kuiokota.

"Simamisha treni," alimwambia Msikizi. "Pima kila gunia."

"Hakuna malalamiko yanayoruhusu kupima," alijibu Msikizi kwa upole ule ule. "Sauti sitini na moja zimechujwa."

Kalunde aliinama kwenye kioo cha amri. Kazi ya miezi mitatu ilihitaji maneno mawili tu kuifuta, akayatamka: "Ondoa chujio."

Asilimia tisini na saba iliporomoka hadi thelathini na nane. Ramani ya Pwani ikawaka nyekundu, kwanza Mzenga, kisha Chole, Chalinze, Mkuranga, na ukumbi ukajaa sauti za watu wakiwatania Wanyamwezi, wanawake kwa wanaume, moja juu ya nyingine, mpaka Bwana Kasubi akaamuru zizimwe. Nje, treni ilisimama ikiwa imebaki dakika nne iondoke. Kipimo kilitoka baadaye kidogo: sumukuvu mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa. Paa la ghala lilivuja wakati wa masika, na wachukuzi hawakutengenezwa kunusa.

Jioni ile unga wote uliobaki madukani ulizuiwa kuuzwa. Lakini shehena ya kwanza ya ghala lile ilikuwa imekwenda mwezi mzima kabla, ikaliwa. Hospitali zilihesabu watoto thelathini na mmoja vitandani. Waliokwisha kuzikwa walikuwa wanane. Kalunde aliyasoma majina yote manane mwenyewe, kwa sababu hakuona tena haki ya kusomewa na Msikizi.

Kesho yake asubuhi alipanda treni ile ile, safari hii ikiwa tupu, akashuka Pwani akaenda Mzenga. Mkurugenzi alitaka kumpa mwanasheria, alikataa. Alimkuta Mzee Chaurembo kibarazani mwa duka, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, na nyuma yake majirani wamekaa mkekani kimya. Juu ya rafu, sikio la kijani lilikuwa bado linawaka.

Mzee alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Umechelewa, Mnyamwezi," alisema. "Mzigo ulikuwa mzito?"

Kwa swali hilo kila Mnyamwezi ana majibu mia moja, mengine ya matusi, na Kalunde alikuwa amelelewa nayo. Alitafuta hata moja, hakulipata.

"Mzito, mtani," alisema, akavua viatu, akaketi mkekani.