Nyumba Ndogo ya Kisiwani

— Kwa hiyo ni kweli umejenga nyumba ndogo?

Restituta aliuliza huku akichambua maharage, bila kuinua uso. Mumewe, Protasi, ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye lori kutoka Mbamba Bay, baada ya wiki kadhaa. Akatabasamu, maskini.

— Nani kakuambia? Nilitaka kukushtukiza.

— Gertrude wa jirani. Ulijisifu kilabuni huko Mbamba Bay, habari zikakutangulia, Matiri nzima inajua.

— Ndogo, lakini nzuri. Ukiiona utaipenda.

Restituta akasukuma ungo pembeni. Tangu wanunuzi binafsi waingie Mbinga na kahawa kupata bei, wanaume walikuwa na mambo yao. Huyu redio, yule baiskeli, mwingine mke wa pili.

— Niipende? Baba Eunice, tulifunga ndoa kanisani.

Hapo ndipo Protasi alipoelewa.

— Mama Eunice, nasema nyumba. Ya matofali. Mzee Nathanieli kaniuzia kiwanja kisiwani, mbele ya Mbamba Bay, nimejenga chumba na baraza tuwe tunapumzikia.

— Na wiki zote hizo nani alikuwa anakupikia?

— Nilijipikia.

Angenyamaza ingekuwa heri. Tangu amuoe Restituta, Protasi hakuwahi hata kuchemsha maji ya chai.

— Nitakwenda kuona mwenyewe, alisema Restituta. Nikikuta dalili ya mwanamke, narudi kwetu Mapera. Hapa sitakanyaga tena.

Hakuwa anatania. Nguo zake zote alizifunga.

Mtumbwi uliowabeba wote wawili ulipogusa mchanga wa kisiwani, mzee Nathanieli alikuwa ufukweni akitengeneza nyavu.

— Shikamoo, mzee. Mke mwenzangu yuko wapi?

— Marahaba, binti. Yupi tena? Huyu hapa alikuwa akila ugali mbichi, sisi tunamhurumia tu.

Restituta hakucheka. Wanaume hufichiana. Aliingia ndani, akakuta sufuria moja iliyoungua, akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Hapo akasimama.

Mteremko wote ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni. Majani yalipangwa miraba miraba, kwa ustadi, lakini yalikuwa yamekauka bila kufunikwa. Kwa Wamatengo kazi hiyo imegawanywa tangu mababu: mwanaume hufyeka na kupanga majani, mwanamke huchimba shimo katikati ya mraba na kuyafunika kwa udongo. Hapa hakuna aliyegusa udongo.

— Mbona hukufunika?

— Hiyo si kazi yangu.

— Si ungemwambia huyo mwanamke wako?

— Ndiye niliyemfuata Matiri. Akanipokea na kesi.

Restituta alimwangalia mumewe, mikono yake yenye malengelenge ya sufuria. Aliona aibu, na alimpenda sana.

— Jembe liko wapi?

Protasi akamletea, jipya, halijaguswa. Restituta akafunga kanga kiunoni, akachimba shimo la kwanza.

— Na Gertrude tutamwambiaje? aliuliza Protasi.

— Mwambie mwanamke wa nyumba ndogo nimemkuta. Anaitwa Restituta, na leo anapika yeye.