Kokoto za Uani kwa Walburga

Sogeeni karibu, wenye nyumba na wenye nyua, hasa ninyi ambao mkisikia kilio kwa jirani huongeza sauti ya redio. Ninayoyasimulia yalitokea Haselried, kijiji kidogo cha Kijerumani katika bonde la mto Vils, katika nyumba ambayo kila mtu pale aliipita kila siku. Sitayapunguza ili yawapendeze.

Zamani Jumapili za nyumba hiyo zilikuwa njema. Wakitoka misa, Walburga alitandika kitambaa cha miraba kwenye meza ndogo ya uani, juu ya sakafu ya mawe ya bapa ambayo mumewe aliitengeneza mwaka waliooana. Mumewe, Korbinian, alikuwa seremala mwenye mabega mapana na mzaha mwingi. Alikata figili nyeupe kwa mzunguko, akainyunyizia chumvi, akamgawia kwanza mama yake, Bibi Philomena, aliyeketi kwenye kiti chake dirishani. Na Quirin, mdogo wake Walburga, alikuja na klarineti yake akawapigia hadi supu ilipopoa.

Huyo Quirin mwekeni moyoni. Mama yao alifariki Walburga akiwa na miaka kumi na minane na mdogo wake saba, akamlea yeye: akamfunga viatu, akamfundisha kusali, akamnunulia klarineti ya kwanza. Walburga hakujaliwa mtoto wa kuzaa. Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yake na mwanawe, na akimsikia akipiga alisahau hata chungu jikoni.

Kisha mwenye baa ya kijiji akafariki, na watoto wake wakaifunga. Wanaume wa kikosi cha wazima moto wakabaki wanarandaranda baada ya misa, hawana pa kuketi. Korbinian akasema uani kwake kunatosha, atafanya bustani ya bia kama zilivyokuwa za babu zao. Aling'oa mawe yote ya sakafu akamwaga kokoto nyeupe. Akapanda miti miwili ya kivuli, ya chesnati, akaunda meza ndefu na yale mabenchi membamba ya kukunja, na ukutani akapachika kabati lenye milango midogo kumi na miwili, kila mlango na kufuli lake, ili kila mzoefu awe na mahali pa kufungia kikombe chake. Vikombe vyenyewe vilikuwa vya udongo mgumu wa kijivu, vya lita nzima. Ukikitazama kutoka nje hujui kimejaa au kitupu, wala mwenyewe anakunywa cha ngapi.

Kwa haki ya Mungu, kiangazi cha kwanza kilipendeza. Watu walikuja na vikapu vyao vya mikate ya chumvi, soseji na jibini iliyopondwa na paprika, wakabanana mezani na watu wasiowajua. Walburga mwenyewe alifurahi, wala hakuficha. Lakini mwenye bustani hana budi kunywa na kila meza. Ilipofika kiangazi cha pili, Korbinian alikuwa akifungua kabati lake kabla hajanyoa ndevu.

Palikuwa na meza moja chini ya mmoja wa miti ile, yenye kibao cha kusema ni meza ya wenyewe. Fundi bomba mmoja mgeni, asiyejua mambo ya pale, akaketi hapo na mkate wake. Korbinian hakumwambia ahame. Alimpiga kikombe cha mdomo. Meno mawili yalidondoka kwenye kokoto, na alipoinama kuyatafuta akapigwa tena kisogoni, akalala kifudifudi na mkate wake chini ya tumbo. Wazima moto walimbeba wakampeleka kwenye gari lake, na njiani wakakubaliana kwamba mgeni ameangushwa na benchi.

Uongo huo ulisadikika, maana mabenchi yale kila mtu wa kule anayajua. Mkiwa wawili mmekaa ncha mbili, mmoja akiinuka ghafla, mwingine huenda chini pamoja na benchi. Ndiyo sababu mwenye adabu husema, "Nainuka," kabla ya kuinuka. Kijiji kizima kimewahi kuanguka, kwa hiyo nani atabisha?

Asubuhi Walburga alikuta damu imeganda, na jino moja bado lipo. Akasimama tu. Bibi Philomena akamwita kutoka dirishani, sauti ya chini.

"Chukua reki, mwanangu. Vuta mapema, umande haujakauka. Zile za chini zikija juu hutaona kitu."

"Umejuaje, mama?"

"Baba yake Korbinian naye alikuwa na mikono," akasema bibi, akafunga dirisha.

Walburga akachukua reki, akavuta kokoto, na kweli uwanja ukawa mweupe. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Kiangazi kile alivuta juu ya damu ya pua, ya nyusi zilizopasuka, ya sikio la mpiga ngoma wa bendi lililoning'inia. Wanywaji walimsifia uwanja wake. Walisema hakuna bustani safi kama ile bonde zima, naye alisema asante.

Kisha mkono wa Korbinian ukamfikia yeye. Adhuhuri moja, mbele ya meza mbili za watu, alimwambia mumewe kwa upole kwamba leo zimetosha. Korbinian alitabasamu, akamshika mkono, akauingiza ndani ya kabati la vikombe kana kwamba anamwonyesha kitu, akaufungia mlango. Akaufungua, akaufunga tena kwa bega. Mfupa ulilia na kila mtu aliusikia. Wanaume wakatazama ndani ya vikombe vyao, na mmoja akaanza kueleza habari za mvua.

Hospitali Walburga alisema ni benchi. Mwezi uliofuata, mbavu mbili, akasema ni benchi. Ilipofika ya tatu, taya, Quirin alikuja mchana Korbinian akiwa kazini, akamkalisha dada yake jikoni.

"Dada, nani kakufanya hivi?"

"Benchi."

"Mara ya tatu hii. Hilo benchi lina chuki na wewe peke yako?"

"Nilikaa ncha, mtu akainuka hakusema. Unayajua yalivyo."

"Niangalie usoni. Ni shemeji?"

Walburga akamwangalia. Aliona ule uso aliokuwa akiufuta makamasi, na akilini aliona mabega ya mumewe na kikombe cha udongo. Akaogopa kwamba akisema ndiyo, Quirin atakwenda kupigana na atauawa. Alichotaka ni kumwokoa mdogo wake tu.

"Ni benchi, Quirin. Acha kunitia aibu."

Naye akaamini, kwa kuwa dada yake hakuwahi kumdanganya tangu utotoni. Hata alicheka kidogo kwa kutulia moyo, akasema atakuja na shoka alikate benchi lote kuni. Nawaambia, kicheko kile kingemuuma Walburga kuliko taya, lau angejua yanayokuja.

Ikafika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti. Wanawake walitoka kanisani na vicha vya mitishamba vilivyobarikiwa, bendi ikaja ikipiga, na uani kwa Korbinian pipa kubwa la mti likawekwa juu ya meza ili lifunguliwe. Kazi hiyo ni ya mwenye bustani. Huchukua bomba la shaba, hulielekeza kwenye tundu la pipa, hulipigilia kwa nyundo ya mti. Mwanamume wa kweli, kwa hesabu yao, humaliza kwa mapigo mawili. Kwa matatu wanamsamehe. Korbinian alikuwa amejitapa wiki nzima kwamba atatumia moja, na alikuwa akinywa tangu alfajiri.

Pigo la kwanza lilikwenda pembeni. La pili likachomoa bomba, bia ikamrukia usoni. La tatu likamgonga kidole chake mwenyewe. Watu walianza kuchekea viganjani. Quirin, aliyesimama na bendi, akaleta utani wa shemeji kama alivyozoea.

"Shemeji, unafungua pipa au unabisha hodi?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Pigo la nne, povu likawalowesha wa mbele.

"Karibu ndani, shemeji, mlango uko wazi!" Quirin akaongeza.

Bibi Philomena alivuta pazia la dirisha. Walburga aliona shingo ya mumewe ikipanda wekundu kuanzia kola hadi masikioni, na shingo ile aliijua. Neno moja lingetosha: kimbia. Lakini angelisema vipi mbele ya watu, baada ya kuapa kwamba ni benchi? Akamwita mdogo wake aje akae karibu naye, basi. Quirin akaja, akaketi, klarineti magotini, akampa mgongo mtu ambaye dada yake alikuwa amemhakikishia kuwa hana ubaya.

Pigo la saba liliingiza bomba. Watu wakapiga makofi. Korbinian akatembea hatua nne na nyundo yake, akampiga Quirin kwenye paji la uso, kando ya jicho, kwa nguvu zote ambazo pipa lilimkatalia. Quirin hakulia. Alianguka pamoja na klarineti, na akiwa chini Korbinian akampiga la pili la mdomo, meno na mbao vikasikika vikivunjika pamoja. Walburga akajitupa juu ya mdogo wake. La tatu likamshukia yeye begani, la nne mgongoni, ndipo mikono ikamlegea Korbinian mwenyewe kwa kuchoka. Hakuna aliyemshika.

Kisha sauti ikatoka kwenye meza ya wenyewe.

"Benchi hilo. Limempindua."

"Ndiyo, benchi," wa pili akaitikia. "Dada mtu aliinuka ghafla."

Na mmoja, msinione mwongo, alikuwa tayari amelilaza benchi ubavu ili lionekane limeanguka. Korbinian alisuuza nyundo kwenye ndoo ya kuoshea vikombe.

"Walburga," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "lete reki kabla polisi hawajafika."

Akainuka akaileta. Ndiyo, aliileta, miguu ilikwishazoea. Akavuta mara moja, akaona damu ya mdogo wake inaingia chini na mawe meupe yanakuja juu. Mkono ukamkufa hapo hapo. Akasimama juu ya Quirin na ile reki ameielekeza kwa watu. Mzima moto mmoja aliposogea kufukia damu kwa kiatu, alimchapa reki ya goti hadi meno ya chuma yakabaki yamezama kwenye suruali, na yule mwanamume akaenda chini akipiga kelele. Hakusogea mwingine.

Polisi walipofika waliuliza nani kampiga majeruhi. Meza nzima ilijibu kwa pamoja kwamba ni benchi.

"Benchi halina mikono," akasema Walburga. "Ni mume wangu, kwa nyundo ile iliyo ndooni. Mkono wangu aliuvunja yeye, kwenye kabati lile, na hawa walikuwepo wanakunywa. Taya yeye, mbavu yeye. Chimbeni humu mtakuta meno ya watu."

Askari alichimbua kokoto kwa ncha ya buti. Juu zilikuwa nyeupe. Upana wa kiganja chini zilikuwa na rangi ya kutu, zimegandamana. Hapo dirisha likafunguka, na Bibi Philomena akatoa kichwa.

"Chimba zaidi, kijana," akamwambia askari. "Chini ya hizo kuna damu yangu."

Korbinian alifungwa, na kabati la vikombe likachukuliwa kuwa ushahidi. Wazima moto wamepata uwanja mwingine wa kunywea, na wakikutana na Walburga kanisani huangalia viatu. Sakafu ya mawe ameirudisha, jiwe kwa jiwe, yeye na mkwewe wakisaidiana.

Quirin hakufa. Midomo yake haifungiki, kwa hiyo hapigi klarineti tena, na mkono wa kulia umelala. Jumapili Walburga humtandikia kile kitambaa cha miraba, humlisha supu kijiko kwa kijiko, humfuta kidevu kama alipokuwa na miaka saba. Mambo mengi yamemtoka kichwani, ila swali moja limebaki. Karibu kila Jumapili humgeukia dada yake na kuuliza, neno kwa neno, kwa taabu:

"Dada, ni benchi?"

Naye huweka kijiko chini, akamwangalia usoni.

"Hapana, Quirin. Ni Korbinian. Na mimi sikukwambia."

FUNZO

Sikusimulia haya ili mchukie miti ya chesnati wala watu kuketi pamoja uani. Pombe ilimharibu Korbinian, kweli, na mwenye kunywa kabla ya kunyoa aanze kujiogopa leo. Lakini nyundo ile ilinyanyuliwa na wengi. Walioinyanyua ni wale waliotazama ndani ya vikombe mkono wa mwanamke ukivunjwa, na mama aliyefundisha kuficha kwa kuwa naye alifichishwa, na mke aliyedhani uongo utamlinda ampendaye. Wewe unayepigwa, sema jina la anayekupiga, na umwambie kwanza yule unayetaka kumkinga, maana asiyejua hatari huipa mgongo. Na wewe jirani, ukiambiwa ni benchi mara ya pili, usirudi nyumbani. Kaa hapo, uulize tena.