Jezi ya Ngao ya Kwanza

Jumatano, saa nne asubuhi, Tarsis aliinua kwapa la jezi ya njano, akalitazama, akaligeuza, kisha akaiweka jezi mezani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Mama Sitara, hii siyo."

Bi Maimuna alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, amevaa nguo nyeupe za eda. Mumewe, Mzee Uledi, alikuwa na miezi mitatu kaburini.

"Siyo vipi, baba? Si imetoka kabatini unaona?"

"Ile ya 2001 ilichanika kwapani. Mfua jezi wa timu nilikuwa mimi, nikaishona kwa uzi mweupe kwa mkono wangu. Hii haina mshono. Na hii harufu ya nini? Kama kanisani siku ya Pasaka!"

Sitara, binti wa nyumba, akainusa. "Udi," akasema.

Jezi ile ilichezewa mechi ya kwanza ya Ngao ya Jamii. Tarsis alipostaafu na kurudi Rombo alimwachia Uledi kama amana, kwa sababu sebule yake ya Mchafukoge ilikuwa na kabati la kioo la jezi za Ngao, zimepangwa kwa miaka. Miaka ambayo Ngao haikuchezwa, kama 2006 hadi 2008, Uledi aliacha henga tupu. Walioshinda kwa matuta mwaka 2016 na 2017 walikuwa na rafu yao. Ya Tanga ya 2023 ilikaa peke yake pembeni.

"Jumamosi nimeitwa kwenye hema la kumbukumbu kule Jangwani, kabla ya mechi," Tarsis alisema. "Ijumaa alasiri nitapita. Nisipoipata, mama, nisamehe, nitasema Uledi aliiuza."

Maneno hayo yalimuuma Bi Maimuna. Marehemu hana mdomo wa kujitetea, na amana isiyorudi humfuata mtu hadi kaburini.

Tarsis alipoondoka, Bi Maimuna alimwambia Sitara asifute wala asisogeze kitu. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa palepale juu ya kabati, chini ya chetezo kilichofunikwa. Chetezo kilijaa vumbi.

"Akina nani wameingia sebuleni wiki hii?"

"Kaka Mudi, kubadilisha taa. Na Mzee Twaha, kumsomea baba Yasini."

Mudi alikuwa mtoto wa mdogo wake Uledi. Alikuja kutoka Kilwa kwenye mazishi, akabaki Kariakoo kuuza jezi. Saa tisa Sitara akamleta.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Jezi hii unaijua?"

Mudi aliigeuza, akacheka. "Hii nauza mimi! Jezi za zamani ndiyo habari ya mjini. Wiki ya Ngao zinatoka kama maandazi."

"Umemuuzia nani?"

"Mama mkubwa, nusu ya Bongo! Unanishuku mimi? Ningeiba ya baba mkubwa halafu niache mzigo wangu hapa, si ningekuwa punguani?"

"Ufunguo unajua ulipo?"

"Chini ya lile dude la juu ya kabati. Mtaa mzima unajua. Hivi kazi yake nini lile?"

Bi Maimuna alikaa na swali hilo hadi Magharibi.

Alhamisi alikuja Mzee Twaha, jirani na mwenzake Uledi wa barazani. Alisoma Yasini vizuri, akafunga msahafu.

"Nimesikia habari ya jezi," alisema. "Pole, shemeji. Ila hapo hakuna fumbo. Muuza jezi yumo ndani ya nyumba, mnatafuta nini nje?"

"Umesikia kwa nani, shemeji?"

"Aa, Kariakoo hii! Ukipiga chafya Msimbazi, Gerezani wanakujibu."

Ijumaa baada ya Alasiri Tarsis, Mudi na Twaha waliketi sebuleni. Bi Maimuna akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Sitara, wape ile ya mezani wainuse. Kisha wape yoyote ya kabatini."

Walinusa.

"Hii udi," alisema Mudi. "Hizi nyingine vumbi tu."

"Marehemu alizifukiza jezi zake kila Ijumaa alfajiri. Tarsis hakuijua harufu hiyo, alikuwa Rombo. Mudi hajui hata kazi ya chetezo, maana tangu aingie nyumba hii hajakiona kikiwaka. Shemeji Twaha, ni nani aliyekuja na kahawa yake kila Ijumaa akimtania, 'Bwana we, unafukiza jezi kama bibi harusi'?"

Twaha aliirudisha jezi mezani.

"Mwizi alitaka jezi yake ifanane na nyingine, akaifukizia kwake. Mwenye eda hagusi manukato. Miezi mitatu humu hapajawashwa udi. Ninyi wanaume eda mnaiona kwenye nguo nyeupe tu, pua hamzipeleki."

"Babu, kumbe!" Mudi alisimama. "Na ulitaka nibebe lawama mimi?"

"Kaa chini, mwanangu. Shemeji, jezi iko wapi?"

"Chini ya godoro langu." Twaha aliivua kofia yake. "Miaka ishirini nawaambia watu mchezaji alinirushia mimi jezi hiyo jukwaani. Wajukuu zangu wanajua hivyo. Uledi alijua ni uongo, akanisitiri. Nikasikia Tarsis anakuja kuichukua akaisimulie hemani, nikaona uongo wangu utafichuka..."

"Akakusitiri, nawe ukamwachia jina la mwizi."

Twaha alitoka na Mudi nyuma yake. Walirudi na mfuko. Tarsis aliinua kwapa, akaupata uzi mweupe, akaupitishia kidole.

"Uwanjani ulikuwepo kweli?" alimuuliza Twaha.

"Nilikuwepo. Nilipata mvua ya mikojo ya jukwaa la juu."

"Basi kesho njoo hemani usimulie mechi. Lakini la jezi utalisema wewe mwenyewe, na wajukuu wawepo."

Twaha aliitikia kwa kichwa.

Walipoondoka, Sitara alilifunga kabati. Bi Maimuna alitoka nyuma ya pazia, akalitazama henga la 2001, sasa tupu kama yale ya miaka isiyochezwa. "Amana yako imefika, Uledi," alisema. Kisha akauchukua ufunguo, hakuurudisha chini ya chetezo. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda kutia udhu.